Hidaya ya Shangazi

Shangazi yangu, ambaye makazi yake ni Hamburg na ambaye kila ajapo Tanga hutukuta na upungufu wa jambo fulani, safari hii alitushushia chungu kidogo chenye mmea wa majani ya manyoya na maua ya urujuani, pamoja na karatasi ya masharti ambayo kwa urefu wake ingalitosha kuwa hati ya nikahi. Mmea huo, tuliarifiwa kwa taadhima, hautaki jua kali bali mwanga uliochujwa. Majani yake yakiguswa na maji baridi hufanya mabaka. Mizizi yake ikikaa majini huoza. Na hunyweshwa kwa kisahani, kutoka chini, maji ya uvuguvugu. Mama, ambaye katika umri wake hakumpashia mtu maji ila mzazi aliye katika arubaini, aliisikiliza karatasi hiyo hadi tamati, kisha akamuuliza wifi yake kama mgeni atahitaji na kukandwa.

Lililomkera hasa ni kwamba ua lenyewe ni la kwetu. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa pande za Usambara, aliliona likijiotea katika majabali yenye kivuli, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Na mwaka uliofuata Hermann Wendland, bingwa wa mimea wa Hannover, akalipa jina la Saintpaulia, kwa kuuenzi ukoo wa baron, maana jabali halikuwa na ukoo. Tangu hapo limeenea madirishani mwa Ulaya na Marekani, likadekezwa hata likasahau asili yake, ilhali jamaa zake waliobaki milimani hawana wa kuwapashia maji, na msitu ukifyekwa hukosa hata kivuli.

Basi likatengewa dirisha la mashariki, na masaibu yakaanza. Bibi, akiona si adabu mgeni kupokewa kikavu, alilinyunyizia marashi. Mpwa wangu, kwa ihsani tupu, alilimwagia kata nzima ya maji ya mtungini, nayo kwa joto la Tanga ndiyo baridi tunayojivunia, hata majani yakatapakaa mabaka. Mjomba alilitoa kibarazani lipunge upepo, na huko kuku mwenye vifaranga, ambaye hakusomewa karatasi, alilichakura mpaka likang'oka.

Mama aliokota jani moja lililosalimika, akalichomeka kikonyo chake katika udongo wa kopo la samli, akaliweka nyuma ya mtungi penye unyevu na mwanga hafifu, wala hakulisemesha tena. Jani la ua hili lina ajabu hiyo, kwamba likichomekwa hutoa mizizi, kisha vichipukizi huchomoza chini yake. Na baada ya kiasi cha miezi miwili kopo lilijaa watoto.

Majirani wakaja kuomba mbegu. Mmoja wao, mtu wa kujiona, alisita kupokea kopo mpaka ahakikishiwe kwamba mmea si wa porini Usambara bali umetoka Ulaya. Mama, ambaye hajapata kusema uongo, alimwapia kwamba wifi yake aliuleta kutoka Ulaya kwa mikono yake mwenyewe, na habari za safari ya kwenda hakuulizwa.