Tenga Lisilo na Mshikio

Kwenye karatasi kazi ilikuwa ya dakika tano. Watu wawili wanashika kuba la kuku, mmoja huku mwingine kule, wanahesabu moja mbili tatu, wanainua kidogo tu, wanatembea hatua kumi, wanatua. Kuku wanane walio ndani wanatembea nao, taratibu, kama watoto wa darasa la kwanza wanaopelekwa kupimwa uzito.

Mwenye bustani ni mrefu na mkewe ni mfupi. Hilo halikuwamo kwenye karatasi. Walipoinua, upande wa bwana ulipanda hadi magotini na upande wa bibi ukabaki kwenye vifundo vya miguu, na kuku wa kwanza kuona mwanga hakuaga. Alifuatwa na wa pili. Bwana akapiga kelele "shusha!", bibi akasikia "sukuma!", na kuba lilipotua juu ya tuta namba mbili lilikuwa na kuku watatu. Watano walikuwa wameshafika kwenye mchicha.

Waliwafukuza mpaka magharibi, wakakata tamaa. Giza lilipoanza kuingia, watano wale wakarudi wenyewe, mmoja mmoja, bila kuitwa. Ila hawakwenda kwenye kuba. Walikwenda tuta namba moja, mahali kuba lilipokuwa tangu walipoletwa, wakajipanga juu ya udongo mtupu, wakaficha vichwa, wakalala. Kuku hukumbuka mahali pa kulala, na nyumba ikihama usimtegemee kuifuata. Mwenye bustani aliwaokota kama mtu anayeokota maembe, akawabeba wawili wawili hadi makao mapya.

Mwenye bustani huyo, kwa taarifa tu, ndiye anayeandika haya. Anajiita "yeye" kwa sababu mkewe ameahidi kuyasoma.

Wazo halikuwa lake. Mwaka 1978, huko Tasmania, Australia, Bill Mollison na David Holmgren walitoa kitabu kilichoanzisha kile kinachoitwa pamakalcha, jina lililounganishwa kutoka maneno ya kudumu na kilimo. Mollison alipenda kumtolea kuku mfano. Alisema usimtazame kama mayai na nyama tu. Kuku anachakura, anadonoa wadudu, anakula mbegu za magugu na anatoa mbolea, kwa hiyo mtu mwenye akili humweka mahali ambapo tabia zake zote ni kazi. Mwaustralia mwingine, Linda Woodrow, akaandika kitabu mwaka 1996 akieleza bustani ya matuta ya duara na kuba jepesi la kuku linalohamishwa kutoka duara moja kwenda jingine kila baada ya wiki mbili. Kuku wanasafisha tuta, wanalirutubisha, wanahamia la pili, nyuma yao unapanda mboga. Mzunguko ukikamilika unaanza tena.

Ni wazo zuri, na bado ni zuri. Kuku wa kufugwa ametokana na kuku mwitu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na kazi ya mababu zake kwa maelfu ya miaka ilikuwa kupekua majani makavu wakitafuta cha kumeza. Hafundishwi. Mpe tuta, atalilima.

Kiwanja kilichopo ni cha Kibamba, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, mita ishirini kwa thelathini, na udongo wake ni mchanga ambao maji yakimwagwa asubuhi huyaoni tena. Mchanga wa namna hiyo unalilia mbolea. Kuba lilitengenezwa kwa bomba za plastiki zile za kupitishia nyaya za umeme, zikakunjwa, zikafungwa kwa kamba za manila, upana wa mita tatu, zikavishwa waya wa kuku. Dukani kulikuwa na waya wa matundu madogo na wa matundu makubwa. Wa matundu makubwa ulikuwa na bei nafuu. Msomaji aliweke hilo akilini.

Juu likafungwa kipande cha turubai, ndani ukapitishwa mti wa kulalia na ndoo iliyolazwa ubavu iwe kiota. Siku lilipokamilika mkewe alilizunguka mara mbili, akauliza swali moja:

"Si umesema linabebeka na watu wawili?"

"Bila shida."

"Wezi huwa wangapi?"

Ndiyo maana bustani hii ya kuhamahama ina mnyororo na kufuli. Wiki hizi kuba limefungwa kwenye mpapai, wiki zile kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Ufunguo umeshapotea mara mbili.

Jirani wa upande wa kulia, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, alikuja kuangalia. Mwenye bustani akaacha nyundo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hili tenga mbona halina mshikio?"

Akaelezwa kwamba si tenga. Akaelezwa Tasmania, mzunguko, wiki mbili, naitrojeni. Alisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma. Kisha akasema kwamba kwao, kuku mwenye vifaranga alifunikwa tenga chini ya mkorosho asubuhi, jua likizunguka tenga nalo linasogezwa kivulini, na pale lilipokaa nyasi ziliota nyeusi kwa ubora. "Ila lilikuwa na mshikio," akaongeza, akaenda zake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Tuta namba moja lilikuwa kichaka cha nyasi, na siku ya nne lilikuwa wazi kama uwanja wa mpira wa shule. Mwenye bustani alipiga picha. Kitu kimoja tu kilibaki kimesimama, majani membamba ya ndago. Ukikaa chini na kumtazama kuku akishughulika na ndago utajifunza mengi. Anadonoa jani, analiacha. Anachakura kwa mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa na kukagua. Anapata mchwa, anameza. Kiazi cha ndago kiko chini zaidi, kinamsikiliza. Mvua za Machi zilipofika ndago iliota upya, safari hii ikiwa na mbolea.

Matandazo nayo. Vitabu vyote vinasisitiza kufunika udongo kwa nyasi kavu, na mwenye bustani alitandika tuta namba mbili kama kitanda cha bwana harusi, sentimita kumi kila upande. Kuku wanane walihitaji muda wa chai ya saa nne. Aliporudi, nyasi zote zilikuwa zimetoka nje kupitia waya na kulala njiani, na tuta lilikuwa limebaki na shimo katikati ambamo kuku wawili walikuwa wanaoga vumbi, macho yamefumbwa kwa raha.

Shida kubwa, hata hivyo, ilikuwa hesabu, na aliigundua usiku akiwa na kalamu. Matuta sita mara wiki mbili ni wiki kumi na mbili. Ondoa wiki mbili za kuku wenyewe, zinabaki kumi, yaani siku 70 za kupanda na kuvuna kabla kuku hawajarudi. Mchicha unazimudu siku hizo mara mbili, kwa sababu wiki tatu au nne unang'olewa. Bamia inafika, maana huanza kuchumwa karibu na siku ya 50 au 60, ingawa ndiyo kwanza inapamba moto unapoletewa hati ya kuhama. Nyanya nyingi huanza kuiva kati ya siku 60 na 90 tangu mche utoke kitaluni. Maana yake ni kwamba siku nyanya ya kwanza inapopata wekundu shavuni, kuba linagonga hodi.

Bibi, kwa upande wa pili wa ukuta, aliuliza kwa sauti tu, bila kumlenga mtu: "Na muhogo utaweka wapi?"

Muhogo unataka miezi tisa na zaidi. Swali hilo halijajibiwa.

Kuna hesabu nyingine isiyochekesha sana. Mbolea mbichi ya kuku inaweza kuwa na vimelea kama salmonela, na kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka mbolea mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, au 90 kwa zao lisiloigusa ardhi. Mzunguko mzima wa Kibamba ni siku 84. Mchicha tunaupika, tena tunauosha vizuri, hatuutafuni mbichi. Kachumbari ndiyo yenye kesi. Kwa hiyo nyanya zilipewa tuta la saba, la pembeni, nje ya mzunguko, ambako mbolea inapelekwa kwa toroli ikiwa imeshaoza kwenye lundo. Linda Woodrow anaweza kukunja uso, lakini yeye hakuwa na wakwe wanaotaka kachumbari kila Jumapili.

Uamuzi huo ulikuja umechelewa, na kisa chake ni kuku mwekundu.

Kuku mwekundu alikuwa mtagaji hodari na mtembezi mkuu wa kundi. Siku ya 12 kwenye tuta namba nne aliingia kwenye ndoo, akatandaza mbawa, akafura, na kila mkono uliomsogelea aliudonoa. Alikuwa ameanza kuatamia. Mayai ya kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, na katika siku hizo ukimhamishahamisha mama anaweza kuyasusa. Ratiba ya Australia ilisema Jumamosi kuhama. Kuku mwekundu alikuwa na ratiba ya zamani zaidi.

Kuba likakaa. Siku 12, siku 20, siku 30. Kuku mkubwa mmoja hutoa karibu gramu 100 za mbolea mbichi kwa siku, na wanane kwa siku 33 ni kama kilo 26, zote kwenye duara moja la mita tatu. Harufu ilivuka ukuta. Bibi hakusema kitu, ila alihamisha mkeka wake wa jioni.

Baadaye mwenye bustani alipanda nyanya hapo, palepale, mara tu kuku walipoondoka, akiamini kwamba mbolea ikizidi na nyanya zitazidi. Miche ya mwanzo iliungua kingo za majani, ikafa. Aliyopanda tena mwezi mmoja baadaye ilipanda juu kama inayokimbia mkopo. Majani mapana, ya kijani ya kuiva, mashina kama kidole gumba. Wapita njia walisimama kusifu. Matunda yalikuwa manne. Naitrojeni ikizidi mmea hupeleka nguvu kwenye majani na kusahau maua, jambo ambalo kitabu kilikuwa kimelisema kwenye ukurasa aliouruka.

Kabla ya hapo, kuba likiwa bado limekaa, ilifika zamu ya chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kazi inafanywa usiku kuku wakiwa wametulia, mmoja akishika tochi, mwingine akiingia kwenye kuba kwa magoti. Kuku saba walipata tone. Wa nane alipiga bawa, na tone lake likatua kwenye sharubu za mwenye bustani. Ikabidi atoe jingine.

Siku ya 33 kuku mwekundu alitoka kwenye ndoo akiwa na vifaranga tisa. Familia ilikusanyika. Watoto walileta viti. Vifaranga wakasimama, wakatikisa manyoya, wakaufikia waya wa matundu makubwa, ule wa bei nafuu, wakapita.

Walipita kama maji kwenye chujio la tui. Mama akabaki ndani akiita kwa ukali, akikimbia ukingoni mwa kuba, huku watoto wake wakitalii kwenye mchicha. Mtoto mmoja wa mwenye bustani alimrudisha kifaranga kupitia tundu moja, akatokea tundu la jirani. Juu ya mpapai akatua kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu. Watu waliwaleta Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka za mji. Wakavuka bahari, na leo Dar nzima inawajua. Alikuja wa pili. Mkewe akashika ufagio, watoto wakapiga makopo, mwenye bustani akavua shati akaanza kulizungusha hewani, na mpaka leo haelewi alikuwa na mpango gani.

Geti likagongwa. Alikuwa Bibi, ameshika tenga kuukuu la ukindu lililotobokatoboka kwa juu na kushonwa kwa kamba ya nailoni. Hakuuliza kilichotokea. Alifungua mlango wa kuba, akamtoa kuku mwekundu kwa kumkumbatia mbawa, akamweka chini ya mwembe na kumfunika. Mama aliita mara mbili. Vifaranga wakatoka kwenye mchicha mmoja mmoja, wakapenya chini ya tenga kwa mama yao, naye Bibi akawa anawahesabu kwa kidole. Wanane. Wa tisa alitolewa ndani ya kiatu cha mwenye bustani.

"Jua likizunguka, unasogeza," Bibi alisema. "Hivi." Akashika mshikio kwa mkono mmoja, akaliburuta tenga polepole juu ya majani makavu, na kuku mwekundu akatembea ndani yake hatua kwa hatua, vifaranga miguuni, hakuna aliyetoka.

Kisha akauliza kama mayai ya leo yameshaokotwa.