Nilikagua Uso, Nikasahau Kisogo

Taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri ilipowaka kwenye dashibodi ya Hiace yangu ya dizeli, nilifanya kile afanyacho mtu mwenye busara nyingi na mfuko mwepesi: niliibandika stika. Siku ya tatu gari halikuwaka kabisa. Vijana wa bodaboda walilisukuma hadi kwa fundi, wakanidai soda, na mpaka leo wananiita Mzee Sukuma Twende.

Fundi umeme alifanikiwa kuliwasha, akashika mita, akagusa vichwa vya betri huku injini ikinguruma. "Mwalimu, hapa nilitaka nione volti 14. Naona 11 na ushee. Alteneta haichaji." Aliponitajia bei ya mpya, nilikaa juu ya tairi bila kukaribishwa. "Basi nenda sokoni Gerezani utafute ya mtumba," akasema. "Ila uwe makini. Alteneta ni kama kiatu, namba ikikosea utaumia." Kesho yake akasafiri msibani, akaniachia kijana wake.

Mimi nafundisha hesabu. Nikiambiwa niwe makini, natoa daftari. Hiace injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nilinyanyua kiti, nikachungulia kwa tochi na kuorodhesha. Kwanza volti: 12, maana malori na baadhi ya Land Cruiser ni 24. Pili ampea, zisipungue zile za kwenye kibao chake. Tatu, puli ilingane na mkanda. Nne, masikio ya kufungia boliti, ambayo umbali wake niliupima kwa uzi wa kushonea wa mke wangu. Tano, soketi: umbo lake na idadi ya pini. Ile ya zamani sikuifungua. Ya nini kubeba chuma chenye oili kwenye daladala, na mtu una daftari?

Gerezani muuzaji aliniuliza, "Mzee wangu, gari gani?"

"Hiace."

"Injini gani?"

"Nzima kabisa."

Alinitazama kidogo, akaamua mimi ni riziki yake ya siku hiyo. Akanishushia alteneta moja inayong'aa. Nilisoma kibao, nikahesabu mifereji ya puli, nikatandaza uzi toka sikio hadi sikio. Nikaizungusha kwa mkono na kuisikiliza beringi kama daktari asikilizavyo kifua. Wapita njia walisimama kunitazama. Nililipa laki moja na nusu, nikaondoka kifua mbele.

Kijana wa fundi aliifunga, ikakaa kana kwamba ilizaliwa pale. Kisha akajikuna kichwa. "Mwalimu, hii mipira imebaki."

"Imebaki kivipi?"

"Haina pa kwenda."

Nikafikiri kitaalamu. "Itakuwa ya ziada. Wajapani hawapendi upungufu. Ziba."

Akaziba. Taa ikazimika, mita ikasoma 14.1, tukapeana mikono. Nikateremka taratibu kuelekea barabarani, nikagusa breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Nilisimama juu yake kwa miguu yote miwili, makalio hewani, na Hiace ikatulia mbele ya karai la vitumbua. Mama muuzaji hata hakuinuka. "Baba, ungeshuka tu ningekuhudumia."

Fundi aliporudi kutoka msibani, alicheka mpaka tukaogopa atarudishwa huko. Akanieleza kwamba injini ya petroli hunyonya hewa kwa nguvu, na mvuto ule ndio unaosaidia breki kuwa laini. Ya dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo inahitaji pampu ya vakyumu, na kwenye gari langu pampu hiyo imepachikwa nyuma ya alteneta. Mipira niliyoita ya ziada, mmoja ulikuwa wa breki na mingine ya oili ya kulainisha pampu. "Mwalimu," akasema, "wewe umenunua umeme, breki umeziacha sokoni."

Nilirudi Gerezani na daladala, safari hii nimebeba niliyonunua na kupakata ile ya zamani ndani ya kiroba, ikinitia oili suruali taratibu. Muuzaji akanikumbusha kuwa mali ikitoka dukani hairudi. Baada ya salamu nyingi na nyongeza ya elfu arobaini, ilirudi. Akaiweka maiti yangu mezani, akashusha nyingine, akazigeuza zote mbili zinipe mgongo. Zilifanana kama mapacha, pampu kwa pampu.

Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Nawaheshimu sana, ila hawakuwahi kumiliki Hiace ya dizeli.