Filimbi Si Yako: Mwongozo kwa Mwalimu Mgeni Aliyekabidhiwa Maskauti Kibera au Kawangware

Umetoka ng'ambo, umejitolea kufundisha katika shule ya mabati kule Gatwekera au Gatina, na kabla hujajua choo kiko wapi mwalimu mkuu ameshakutangaza gwarideni: utamsaidia mwalimu mlezi wa maskauti. Karibu sana. Kazi hii ni nzuri, na huharibika upesi. Fuata hatua hizi.

1. Anza na karatasi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni awe na kibali cha kufanya kazi hata kama halipwi. Chukua pia cheti cha tabia njema. Wazazi wa mtaani wana haki ya kujua ni nani anayeandamana na watoto wao, sawa na wazazi wa mtaa wa kitajiri wa Lavington.

2. Jua umeingia nyumba ya nani. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, miaka mitatu tu baada ya kambi ya kwanza ya mwanzilishi wake, Baden-Powell, katika kisiwa cha Brownsea. Mzee mwenyewe alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko, na kila Februari maskauti humiminika kwenye kaburi lake. Basi usiwaeleze watoto uskauti kana kwamba umeuleta begani. Jifunze ngazi zao kwanza: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Kule Thailand, ambako Mfalme Vajiravudh aliuanzisha mwaka 1911, uskauti ni somo la shuleni. Hapa Kenya ni chama: mtoto huja baada ya masomo kwa hiari yake, na ukimchosha atakwenda zake kucheza mpira.

3. Chunga mkono wako. Skauti humsalimu skauti mwenzake kwa mkono wa kushoto. Ukipita Makina, ndani ya Kibera, ukampa mzee wa Kinubi mkono huo, umemvunjia heshima. Wazee wape wa kulia, na uanze kwa shikamoo.

4. Usifundishe wanachokijua. Watoto wa Kawangware kila siku huwaona vijana wa mkokoteni wakifunga magunia yasianguke. Waombe wakuonyeshe fundo lao, kisha uongeze lako. Vivyo hivyo moto: wengi wao huwasha jiko la makaa nyumbani. Wafundishe kuuzima na kumhudumia aliyeungua. Vichochoro vya Kibera ni vyembamba mno kwa gari la zimamoto, kwa hiyo jirani ndiye mwokoaji wa kwanza. Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Maji hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo kubalianeni mapema mtungi wa dharura utakaa wapi.

5. Usimfukuze mtoto asiye na sare. Kwa familia inayohesabu shilingi ya unga, shati la kaki ni gharama kubwa. Nendeni soko la Toi, mnunue kitambaa, fundi akate skafu za kundi zima. Skafu zibaki shuleni, ili anayehama asidaiwe na anayeingia asikose.

6. Rudisha filimbi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Maskauti hugawanywa katika vikundi vidogo vya watoto sita hadi wanane, na kila kikundi huwa na kiongozi wake, naye ni mtoto. Katika gwaride la Jumatatu na la Ijumaa, maskauti ndio hupandisha bendera ya taifa shule nzima ikiwa imesimama wima. Msichana wa miaka 13 anayeishi chumba kimoja na watu sita huwa hana mahali pengine ambapo neno lake hutiiwa. Ukipuliza filimbi wewe, umemnyang'anya nafasi hiyo. Simama nyuma. Akikosea amri, mwache airudie mwenyewe.

7. Kambi ya kwanza ifanyeni Rowallan. Kambi hiyo ya kitaifa ya maskauti iko karibu na Jamhuri, na kutoka Kibera watoto hufika kwa miguu. Pesa ya basi la kwenda mbali itumike kununua unga, maharagwe na sukuma wiki. Ratiba aipange mwalimu mlezi pamoja na viongozi wa vikundi; wewe chota maji.

8. Weka simu mfukoni. Picha ya mtoto mbele ya mtaro wa maji machafu si yako kuisambaza. Mzazi akikubali, mpige mtoto picha akiwa ameshika bendera.

9. Panga kuondoka kwako tangu wiki ya kwanza. Kila unachokijua mfundishe mwalimu mlezi, na vifaa viandikwe katika daftari la shule. Tarehe ya kuondoka waambie watoto mapema, kwa sababu wengi wao wameshawaona wageni wakiahidi kurudi wasirudi.

Kundi la skauti hupimwa mwezi mmoja baada ya mgeni kupanda ndege. Bendera ikiendelea kupanda na filimbi ikiendelea kulia, umefanya kazi. Vikinyamaza, ulikuja kutembea tu.