Sifa za Makato

Dhahabu ya Bulyanhulu ina wasifiaji, mpunga wa Kahama pia. Makato ya benki na ya simu hayajapata hata mmoja, ilhali mjini hapa hakuna mtumishi mwaminifu kama hayo. Leo tuyatendee haki.

Kwanza, yanawahi. Mchimbaji wa dhahabu wa Kakola hukaa duarani, yaani shimoni, wiki nzima akila kwa mkopo. Siku duara likitema na mnunuzi akamtumia fedha, mwenye nyumba hajajua, mke hajajua, ila makato yameshajua na fungu lao yameshalibeba. Kama alikuwa amesongeshewa fedha na mtandao wa simu salio lilipopungua, deni na ada zake hujilipa zenyewe, bila mgambo wala kubisha hodi.

Pili, ni manyenyekevu. Hayamkati mtu laki moja, maana angepiga yowe. Huchukua mia tano hapa, elfu pale, pungufu ya nauli ya kwenda Shinyanga kulalamika. Aliyeibiwa kuku hufika kwa balozi wa nyumba kumi, aliyekatwa mia tano husema, "Yaishe."

Tatu, yana akili ya hesabu. Marekani, benki zilishtakiwa kwamba zilipanga malipo ya siku kuanzia makubwa kushuka hadi madogo, akaunti ikaushwe mapema, kisha kila kilichofuata, hata kikombe cha kahawa, kizae ada yake ya dola 35 hivi. Ubunifu huo haukuthaminiwa. Wateja waliunganisha madai yao mahakamani Miami, na mwaka 2011 Bank of America ikakubali kulipa dola milioni 410 bila kukiri kosa. Mawakili wakapewa milioni 123 kati ya hizo. Naam, hata ushindi dhidi ya makato ulikatwa!

Udhaifu wao ni mmoja: hayapendi kelele. Binamu yao, tozo ya miamala ya simu hapa Tanzania, alianza kazi Julai 2021 akidai hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Wananchi wakalalama kwa pamoja. Septemba akapunguzwa kwa asilimia 30, na Oktoba 2022 akaondolewa kwenye miamala kadhaa, ikiwamo ya benki kwenda simu.

Basi, msomaji, ukiyapenda makato, yalinde. Usiombe taarifa ya akaunti ukajumlisha ya mwaka mzima. Usizisome kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Zaidi ya yote, usikae na majirani mkalinganisha: sheria yetu ya mashauri ya madai inawaruhusu wachache, kwa idhini ya mahakama, kushtaki kwa niaba ya wengi wenye dai moja. Mkifika huko, mia tano zenu zitaitwa mamilioni, na mtumishi huyu mwaminifu atalazimika kujieleza mbele ya hakimu.