Kishindo cha Uvunguni

Chupa ilipomponyoka binti yangu ilikuwa imebaki nusu. Haikuvunjika, kizibo ndicho kilichoruka, na godoro la sufi likanywa Fracas yote kabla sijafika kitandani.

Fracas kwa Kifaransa ni kishindo. Germaine Cellier aliyatunga manukato hayo mwaka 1948 kwa ajili ya Robert Piguet, mbunifu wa mavazi wa Paris, na roho yake ni tuberosi, ua jeupe lenye asili ya Meksiko. Mimi hupaka tone moja nyuma ya sikio. Mwanzo huja ubichi wa maua ya mchungwa. Kisha tuberosi, nzito na laini kama tui la kwanza. Usiku hubaki sandali na miski. Siku ile vyote vilifika pamoja. Baba watoto akahamia sebuleni.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani, alisimama mlangoni. "Mwanangu, asumini hizi zimelala."

Hakukosea. Asumini na tuberosi zote zina indoli, kemikali iliyomo hata kwenye kinyesi. Ikiwa chembe, ua huwa na uhai. Ikizidi, pua huhisi uozo.

Tukalianika godoro siku nne. Jua likaipandisha harufu, na majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Siku ya tano nikapika chapati. Mwanangu mdogo akaimega moja, akairudisha sahanini. "Mama, hii ina maua." Nilikimbilia uvunguni, nilikoweka kopo la samli aliyotuletea mama mkwe. Kifuniko kilikuwa kimelegea.

Mafuta hushika harufu. Huko Grasse, kusini mwa Ufaransa, watengenezaji manukato walipaka mafuta ya wanyama juu ya vioo, wakatandaza tuberosi juu yake, kwa sababu ua hilo huendelea kutoa harufu hata likishachumwa. Walilolifanya kwa ustadi wa miaka, uvungu wangu ulilifanya kwa siku tano.

Nilitaka kuimwaga samli. Mama mkwe akanishika mkono: "Ya kula haifai tena. Ya nywele, inafaa sana."

Sufi tumeibadilisha. Samli ninayo bado. Kila Ijumaa namsuka binti yangu kwa hiyo, na tuberosi imo.