Yah: Madai Yangu ya Udalali

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya majumba ya urithi,
Mji Mkongwe, Unguja.

Waheshimiwa,

Natumai barua hii inawakuta wazima, katika ofisi isiyovuja. Mimi ni Masika. Tunafahamiana: Machi nafika, Mei naondoka, na kila mkinisikia juu ya paa mnaunda kamati.

Kila jumba la kale linapotafutiwa mnunuzi au mwekezaji, nasikia likinadiwa kuwa lina historia kubwa na linahitaji ukarabati mdogo. Mdogo! Kazi yangu ya miaka yote hiyo, na jina langu halitajwi popote. Basi naomba tuhesabiane.

Majumba yenu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake una kikomo. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa hunywa maji nikija, ukayatoa jua likiwaka. Ulinipa taabu sana, mpaka mliponihurumia mkaupiga lipu ya saruji. Siku hizi nikiingia sitoki. Nashuka taratibu hadi kwenye ncha za boriti, naziozesha palepale zilipoingia ukutani. Nje lipu inang'aa, ndani nyumba imekwisha.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa serikali, zikapangishwa chumba chumba kwa kodi isiyotosha kununua bati. Ngazi ikawa ya wote, paa likawa si la mtu. Mpangaji alisema paa ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema faili linatafutwa. Kuwatoa watu kwa amri kungeleta maneno mjini. Mimi niliwadondokea kitandani usiku, wakafunga virago wenyewe. Nyumba ikabaki tupu, bei ikaanguka, mwekezaji akabisha hodi. Dalali gani mwingine angewafanyia haya bure?

Kuna jambo moja silidai. Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultani Sayyid Barghash, ilijengwa 1883. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga majumba ya mfalme yaliyokuwa ubavuni mwake, yenyewe ikabaki imesimama. Desemba 25, 2020 hapakuwa na manowari bandarini. Upande wake uliporomoka, watu 2 wakafa. Kwa roho za watu sichukui hata senti. Ila mimi ni maji, sijui kusoma ufa. Ninyi mnajua.

Lipo pia la kulalamikia. Zahanati ya Kale, aliyoianzisha mfanyabiashara Tharia Topan pale ufukweni, ilikarabatiwa kwa mkono wa taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990, chokaa kikarudishwa mahali pake. Tangu hapo nikipita sipati pa kushika. Mfano kama huo ukisambaa, mimi na ninyi tutakosa cha kuuza.

Kwa hiyo naomba: kwanza, asilimia yangu katika kila jumba litakalouzwa likiwa gofu. Pili, mafundi wa chokaa waachwe wazeeke na ujuzi wao, wasipelekewe vijana wa kuwafundisha. Tatu, milango ya nakshi ing'olewe mapema, mwekezaji asije akadhani ananunua nyumba iliyokuwa na wenyewe.

Kama fungu la kunilipa halipo, kunifukuza kazi hakugharimu sana. Kila Februari, fundi apande juu ya paa, azibue mifereji na abadilishe bati lililotoboka. Basi. Bei yake haifiki hata ya turubai na viti vya siku ya uzinduzi. Lakini sina wasiwasi na ajira yangu: mfereji uliozibuliwa hauna utepe wa kukata, na hakuna mgeni rasmi anayepanda juu ya paa.

Wenu mtiifu katika kazi,

Masika

Nakala: Vuli, msaidizi wangu, anayeingia zamu Oktoba.