Mpenzi wa Klasiki

Ukitaka kumjua mtu wa Machakos aliyepanda cheo, muulize anapenda muziki gani. Zamani angekutajia benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers bila kupepesa macho. Siku hizi anakohoa kidogo, kisha anasema, “Mimi ni mtu wa klasiki.” Klasiki ipi? Ile ya harusini.

Tumpe haki yake. Wimbo anaoingia nao bibi harusi kanisani ni wa Wagner, kutoka opera yake ya Lohengrin iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1850. Humo bibi harusi amekatazwa kumuuliza mumewe jina. Anauliza usiku uleule wa harusi, na ndoa inakufa kabla kitanda hakijapata joto. Ule wa kutokea nje ni wa Mendelssohn, wa 1842, kwa mchezo wa Shakespeare ambamo malkia anampenda mtu mwenye kichwa cha punda.

Kamati ya harusi huzipitisha zote mbili bila mjadala. Mjadala huwa ni wa mbuzi. Na jioni, kasisi akishaaga, mpenzi wetu wa klasiki humnong’oneza dijei aweke benga, akavua koti.